Klachi ya STI, Fairlady Z, 86 na Roadster: mguu uhisi nini kwa kila moja kabla hujalipa

Pedali nzito inaweza kuwa ya klachi nzima kabisa, na pedali laini inaweza kuwa ya klachi iliyo karibu kufa. Anayetoka kwenye Probox ya gia za mkono akaketi kwenye Subaru WRX STI huona klachi imeharibika kwa uzito wake. Akihamia Toyota 86 saa hiyohiyo huona imechoka kwa wepesi wake. Huenda zote mbili ziko sawa. Kosa linalowagharimu wanunuzi wengi ni kuipima klachi kwa mazoea ya mguu wao, ilhali kipimo cha haki ni jinsi gari la aina hiyo lilivyotoka kiwandani.

Magari manne yanalinganishwa hapa: WRX STI ya GDB (msimbo wa kizazi cha gari, 2000 hadi 2007) na ya GRB iliyoifuata, Nissan Fairlady Z ya Z33 na Z34, Toyota 86 ya ZN6 pamoja na pacha wake Subaru BRZ, na Mazda Roadster, ambayo nje ya Japani huitwa MX-5. Yote hutumia klachi ya mafuta, yaani ukikanyaga pedali, masta ya juu husukuma mafuta ya breki hadi masta ya chini, nayo huisogeza rilisi beringi, ile inayosukuma au kuvuta vidole vya springi ili presha pleti iache kuibana pleti ya msuguano kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini). Hakuna waya wa kukaza. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "klachi inataka kukazwa tu," muulize ni kitu gani hasa kitakachokazwa. Kilichopo ni kijiti cha masta ya juu pale kwenye pedali, na hicho hakiponyi pleti iliyoisha.

Kabla ya kuwasha injini

Litake gari likiwa baridi. Mwambie muuzaji mapema asilipashe moto, kisha weka kiganja juu ya boneti ukifika. Vaa viatu vya soli nyembamba, na uvae hivyohivyo kwa kila gari utakalojaribu. Rekebisha kiti mpaka goti libaki limekunjika kidogo pedali ikiwa chini kabisa, kwa sababu anayeikanyaga kwa ncha ya vidole huhisi kila klachi ni nzito.

Fungua boneti utazame kikopo cha mafuta ya klachi. Mafuta ya breki hushuka pedi zikiisha, lakini ya klachi hufanya kinyume: pleti inavyoisha, vidole vya springi huirudisha pistoni ya masta ya chini ndani, na mafuta hupanda kwenye kikopo. Kwa hiyo mafuta yaliyoshuka kwenye kikopo cha klachi yanamaanisha uvujaji, na mtu akikuambia yameshuka kwa sababu pleti imechakaa, hajui anachosema. Mafuta meusi kama kahawa ni ya zamani au yana chembe za mpira kutoka kwenye sili. Kama ni masafi na mapya kabisa, uliza kwa nini yalibadilishwa. Huenda ni matunzo mazuri, huenda pia ni masta iliyowekwa juzi kuficha dalili.

Kisha piga magoti mlangoni, upapase kwa kidole pale kijiti cha pedali kinapoingia ukutani. Unyevu wa mafuta hapo ni sili ya masta ya juu. Huu ni ukaguzi wa sekunde kumi na wengi huuruka, pengine kwa kuogopa kuchafua suruali.

Uzito: hapa ndipo magari yanapoachana

STI ndiyo nzito kuliko zote. GRB ya soko la Japani, yenye injini EJ207, ina torki (nguvu ya kuzungusha) ya 422 Nm, na presha pleti yake lazima ibane kwa nguvu za kutosha kuizuia pleti isiteleze. Zaidi ya hapo, ni klachi ya kuvuta: rilisi beringi imenasa kwenye vidole vya springi na huvivuta kuelekea giaboksi, wakati magari mengi husukuma vidole kuelekea injini. Pedali nzima ya STI huwa na uzito unaoeleweka tangu juu hadi chini, kisha hulegea kidogo baada ya klachi kuachia. Itakuchosha kwenye foleni ndefu ya Mombasa Road au Ubungo, lakini haipaswi kukufanya uinue mgongo kutoka kwenye kiti ili uikanyage.

Ukilazimika kufanya hivyo, kuna sababu mbili za kutilia shaka. Ya kwanza ni klachi iliyoongezewa nguvu kuliko ya kiwandani, tutaifikia. Ya pili ni pleti kuisha. Presha pleti ya kawaida haipungui uzito inapochakaa, kwani pleti ikiwa nyembamba springi hubadili pembe yake na kudai nguvu zaidi kuibonyeza. Ndiyo maana STI mbili za mwaka mmoja zikisimama pamoja, ile yenye pedali nzito zaidi ndiyo ya kuhofiwa, ingawa mtu asiyejua atasifu kwamba "bado ina nguvu."

Fairlady Z iko katikati. Pedali yake ina springi ya msaada: juu inakupinga, ukivuka sehemu fulani inakusaidia kwenda chini, na ukiachia huuinua mguu kwa haraka. Hali hiyo inafanya iwe vigumu kuhisi klachi inakamata wapi hasa, na ni tabia ya gari lenyewe.

86 ni nyepesi, nayo ina springi ya namna hiyo. Ikanyage taratibu injini ikiwa imezimwa. Kama katikati ya safari pedali inakuwa kama inajimalizia yenyewe, springi ya kiwandani ipo. Kama ukinzani ni mmoja tangu juu hadi chini, mwenye gari ameitoa au ameweka laini zaidi ili ahisi klachi vizuri. Jambo hili ni la kawaida kwa wapenzi wa 86 na halina madhara kwa klachi yenyewe. Lijue tu, usije ukalinganisha 86 mbili zenye springi tofauti ukadhani moja ina klachi mpya.

Roadster ni nyepesi kabisa, na lazima iwe hivyo. ND, yaani Roadster ya kizazi cha nne, ya lita 1.5 ya Japani ina torki ya 150 Nm tu, kwa hiyo presha pleti yake haina kazi ya kubana sana. Roadster yenye pedali nzito ina kitu kimebadilishwa, au uma wa klachi umekauka grisi pale unapoegemea, au hosi ya mpira imevimba ndani na kubana njia ya mafuta. Ikiwa ni hosi, utaona pia pedali inachelewa kurudi juu.

Klachi inakamata wapi

Barabara tambarare, gia ya kwanza, usikanyage mafuta. Achia pedali polepole, kama sekunde nne, hadi gari lianze kuvuta. Kumbuka mahali hapo. Sasa pampu pedali haraka mara tatu au nne na urudie. Mahali pa kukamata pakihama kwenda juu baada ya kupampu, kuna hewa kwenye mfumo wa mafuta au sili ya masta moja inapitisha. Pakibaki palepale, mafuta yako salama.

Hapa ndipo Z34 inapowadanganya watu. Hukamata juu sana, karibu na mwisho wa safari ya pedali, tangu ilipokuwa mpya. Fundi aliyezoea magari ya kawaida atakuambia "klachi imekwisha, inakamata juu," nawe utaacha gari zuri. Kinyume chake, Roadster inayokamata karibu na sakafu iko matatani hata kama muuzaji anasema ndivyo ilivyo. Kwenye Roadster za zamani, NA na NB, masta ya chini iliyo ubavuni mwa giaboksi ndiyo inayokufa mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya klachi. Inapoanza kuvuja, mahali pa kukamata hushuka siku hadi siku mpaka gia zinakataa kuingia. Faraja ni kwamba iko nje, ina boliti mbili na paipu moja, na fundi makini huibadilisha na kutoa hewa kabla ya chakula cha mchana.

STI hukamata katikati hivi, na 86 juu kidogo ya katikati. Kwa magari haya mawili usitilie uzito mkubwa jambo la kukamata juu, kwa kuwa mfumo wa mafuta hujifidia wenyewe pleti inavyoisha, na mara nyingi kilichobadilika ni urefu wa kijiti cha pedali. Jambo la maana zaidi ni upana: hesabu sentimita kati ya gari linapoanza kugusa na linapokamata kabisa. Klachi nzima ya kawaida hukupa nafasi ya kucheza. Ikikamata ghafla, kama swichi, pleti yake huenda si ya kiwandani.

Kuna jaribio moja zaidi hapa. Kanyaga pedali hadi chini, ingiza gia ya kwanza, shikilia hivyo dakika nzima huku mguu wa kulia uko tayari kwenye breki. Gari likianza kusogea polepole bila wewe kuachia, masta ya juu inapitisha mafuta kwa ndani. Haitaonyesha tone lolote nje, na kikopo kitakuwa kimejaa.

Sauti

Injini ikiwa inanguruma, gia iko nyutro, sikiliza mguu ukiwa mbali na pedali, kisha ukiigusa tu, kisha ukiikanyaga hadi chini.

Sauti inayotokea unapokanyaga na kuondoka unapoachia ni rilisi beringi kwenye klachi ya kusukuma. Mlio unaosikika pedali ikiwa juu na kupotea ukikanyaga unatoka kwenye giaboksi, mara nyingi beringi ya shafti ya kuingilia. Mlio unaokuja tu pedali ikiwa chini kabisa na gia imeingia unaweza kuwa pailoti beringi, ile ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi upande wa injini, kwa sababu hapo ndipo injini na shafti ya giaboksi huzunguka kwa mwendo tofauti.

86 inavunja kanuni hiyo. Ugonjwa wake unaojulikana ni mlio wa ndege, cirp cirp, pedali ikiwa juu na injini ikiwa kwenye mwendo wa chini. Ukiiegemea pedali kwa uzito wa kidole, mlio hukatika. Kanuni ya kawaida ingekufanya ulaumu giaboksi, kumbe ni rilisi beringi na uma wake vinavyocheza kwa kukosa shinikizo. Magari mengi huendelea hivyo kwa muda mrefu bila kukwama, lakini dawa yake inataka giaboksi ishuke, kwa hiyo ni haki yako kuupunguzia bei.

STI nayo ina tofauti yake: kwa kuwa beringi ya klachi ya kuvuta imenasa kwenye vidole na huzunguka wakati wote, inaweza kulia hata pedali ikiwa juu, na sauti yake ikabadilika tu ukikanyaga. Usikimbilie kulaumu giaboksi. Ukitaka kuona kwa macho, masta ya chini na uma wa STI viko juu ya giaboksi, chini ya intakula (kipoza hewa ya turbo). Bila kutoa intakula huoni kitu, na muuzaji mwenye nia njema hatakataa uitoe mbele ya fundi.

Kwa Z, sikiliza injini inapozimwa. Z33 na Z34 zilitoka na flaiwili ya vipande viwili yenye springi katikati. Ikichakaa, hugonga kwa sauti nzito injini inapozima au kuwaka. Z inayogongagonga kama punje kwenye kopo ikiwa nyutro, kisha ikanyamaza ukikanyaga klachi, mara nyingi imewekewa flaiwili nyepesi ya kipande kimoja. Hiyo ni sauti ya meno ya giaboksi, inaudhi lakini haiui.

Kuteleza, na kwa nini Nairobi huficha ugonjwa

Jaribio linalopendwa gereji ni kuvuta handbreki, kuingiza gia ya tatu na kuachia klachi: injini ikizima, klachi nzima. Kwa magari haya jaribio hilo halitoshi hata kidogo. Injini ikiwa kwenye mwendo wa chini hutoa torki ndogo, na pleti iliyobakiza nusu ya uwezo wake bado inaweza kuizima. Klachi ya gari la spoti huteleza kwenye kilele cha torki, kwa hiyo hapo ndipo pa kuijaribu, kwenye barabara wazi, bila kuvuka mwendo wa sheria.

GRB ya Japani hufikia kilele kwenye mizunguko 4,400 kwa dakika (RPM). Tumia gia ya tatu, kanyaga mafuta yote kuanzia RPM 2,500 hadi 4,500, kama kutoka kilomita 50 hadi 90 kwa saa. Tazama mshale wa RPM wakati turbo inapojaa. Ukiruka kwa mia tatu au mia nne bila gari kuongeza mwendo, kisha ukatulia, klachi inateleza. Rudia gia ya nne kwenye mwinuko.

Z34 ina 365 Nm kwenye RPM 5,200. Gia ya tatu itakufikisha hapo karibu na kilomita 110 kwa saa, kwa hiyo gia ya pili inatosha kwa wengi. ND ijaribu gia ya tatu kati ya RPM 3,000 na 4,800.

86 ndiyo inayohitaji akili zaidi. Kilele chake, 205 Nm, kiko kwenye RPM 6,400 hadi 6,600, na kuna bonde la torki kati ya 3,500 na 4,500 hivi. Anayeijaribu kwenye 4,000 anaipima pale injini inapolegea. Fanya mara mbili: gia ya tano kutoka RPM 2,500 hadi 3,200 kwenye mwinuko, halafu gia ya pili mafuta yote hadi 6,500, ambako utakuwa karibu kilomita 85 kwa saa.

Sasa jambo ambalo mnunuzi wa Kenya asilisahau. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100, kwa hiyo 86 iliyo Nairobi hutoa kama 170 Nm tu za zile 205. Klachi iliyochoka inaweza kufaulu majaribio yote Westlands, kisha ikaanza kuteleza ukishuka nayo Mombasa likizo ya Desemba, ambako injini imepata hewa yake kamili. Hali ni hiyohiyo kwa Z na Roadster. STI ina turbo, nayo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo, kwa hiyo jaribio lake la Nairobi linaaminika zaidi. Ukinunua gari lisilo na turbo bara kwa ajili ya kulitumia pwani, fanya jaribio la kuteleza mara tatu mfululizo ili klachi ipate joto, na usikubali hata mruko mdogo wa mshale.

Joto

Z34 ijaribiwe ikiwa moto, hakuna njia nyingine. Masta yake ya chini imewekwa ndani, inazunguka shafti ya giaboksi, na iko kwenye joto lote la klachi. Z33 za mwisho zenye injini ya VQ35HR, za 2007 na 2008, zina mpangilio huohuo, ilhali Z33 za mwanzo zina masta ya chini ya nje. Hiyo ya ndani ndiyo udhaifu mkuu wa gari hili. Asubuhi pedali huwa safi. Baada ya nusu saa ya foleni, au mizunguko michache ya kukanyaga kwa nguvu, pedali hulegea, hubaki chini, au hurudi nusu njia. Ukiingiza kidole cha mguu chini ya pedali na kuiinua, inarudi na kufanya kazi kidogo. Ukiona hivyo hata mara moja, hesabu kushusha giaboksi. Na giaboksi ikishashuka, hakuna mwenye akili atakayerudisha pleti ya zamani, kwa hiyo uvujaji mdogo unageuka bili ya klachi kamili.

Muuzaji akisema masta ya ndani imeshabadilishwa, omba risiti na uangalie chini ya giaboksi. Unyevu wa mafuta ya breki chini ya nyumba ya klachi hubabua rangi. Mafuta ya injini huacha utando mweusi, na ya giaboksi hunuka salfa.

STI ijaribu pande zote mbili. Subaru za turbo, hasa zenye gia tano, hujulikana kutetemeka zinapoondoka asubuhi ya baridi au ya unyevu, kisha huacha. Mtetemeko unaoisha baada ya kuondoka mara tatu nne haupaswi kukukimbiza. Ule unaoendelea injini ikiwa moto ni pleti iliyomwagikiwa mafuta kutoka sili ya nyuma ya krenkshafti (shafti kuu ya injini), flaiwili iliyoungua madoa, au maunti za injini (mipira inayoishikilia) zilizochoka. Maunti ndiyo rahisi, kwa hiyo ikaguliwe kwanza.

Kwa magari yote, malizia kwa rivasi. Injini moto, kanyaga klachi hadi chini, subiri sekunde tatu, ingiza rivasi. Ikikwaruza, klachi haiachii sawasawa. Kisha ondoka kwenye mwinuko mara mbili. Wakazi wa Mombasa wanajua jinsi foleni ya mteremko wa Likoni inavyokula klachi za watu wanaoshikilia gari kwa klachi badala ya handbreki. Gari la gia lililovuka kivuko hicho kila siku lina historia ambayo odometa haiwezi kueleza.

Klachi iliyoongezewa

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa, kwa hiyo STI nyingi za GDB na GRB utakazoziona zina namba za nchini tayari na zimepita mikono kadhaa. Impreza ina mashabiki wa dhati hapa tangu Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya 1997 nayo, na STI na Lancer Evolution za Group N (daraja la magari yaliyo karibu na ya kiwandani) zilitumika sana kwenye mashindano ya kitaifa. Basi tarajia kukuta klachi ya mashindano.

Pleti ya kawaida iliyoongezewa presha, mfano wa ile ya kampuni ya Exedy ya daraja la kwanza, huongeza uzito wa pedali lakini hukamata kwa ulaini. Pleti ya vipande vya shaba na kauri hukamata ghafla, hutetemeka ukiondoka polepole, na hulia kwa msuguano. Klachi ya pleti mbili hugongana ukikanyaga pedali, na mgongano huo ni wa kawaida kwake. Hakuna hata moja iliyo kasoro yenyewe. Swali la kuuliza ni kwa nini iliwekwa. Ni nadra mtu kuweka klachi ya kauri kwenye injini yenye nguvu za kiwandani, kwa hiyo huenda injini ilisukumwa, na unachopaswa kukagua sasa ni injini zaidi ya klachi.

Presha pleti nzito ina adhabu nyingine: kila unapokanyaga, nguvu hiyo hubebwa na beringi ya krenkshafti inayozuia shafti hiyo isiende mbele na nyuma. Mtu akanyage klachi injini ikiwa kwenye mwendo wa chini, wewe tazama puli ya krenkshafti. Ulegevu wa kawaida ni kama sehemu ya kumi ya milimita, hauonekani kwa jicho. Ukiiona puli ikisogea, au injini ikishuka mwendo kwa wazi kila pedali inapokanyagwa, ondoka. Hapo tatizo limeshatoka kwenye klachi na kuingia tumboni mwa injini.

Lipi kwa nani

Anayejifunza gia za mkono, au anayekaa foleni kila siku, achukue Roadster. Klachi yake ni nyepesi na masta inayokufa iko nje. Hata kubadilisha pleti nzima ni kazi ya siku moja kwa fundi anayejua kufungua ule mhimili unaounganisha giaboksi na difu. NB yenye masta iliyokufa inayouzwa kwa bei ya kutupa inaweza kuwa ununuzi mzuri kuliko wote hapa.

86 ni chaguo la anayetaka gari jipya zaidi lisilo na mambo mengi. Mlio wa ndege usikutishe, klachi inayoteleza ikutishe. Pleti iliyobakiza chini ya milimita 0.3 juu ya vichwa vya ribiti imekwisha kwa kipimo cha watengenezaji, na kwa kuwa huwezi kuipima bila kushusha giaboksi, majaribio mawili ya RPM ndiyo macho yako.

Kati ya Z33 na Z34, anayejali klachi kuliko nguvu achukue Z33 ya mwanzo yenye masta ya nje. Z34 inafaa ikiwa masta ya ndani imeshabadilishwa pamoja na klachi na risiti ipo, au bei imeshuka kiasi cha kulipia kazi hiyo yote: pleti, presha pleti, masta ya ndani, pailoti beringi, na flaiwili ya vipande viwili ikikutwa inacheza. Flaiwili hiyo haichongwi kirahisi gereji kama ya kawaida, hununuliwa, kwa hiyo iulizie bei mapema.

STI ndiyo ya mwisho kwenye orodha hii kwa urahisi, na ya kwanza kwa furaha ya kuendesha. Giaboksi yake hushuka pamoja na difu ya katikati, shafti za mbele hutolewa, na mafundi wengine huona afadhali kuinua injini. Nunua yenye pedali inayofanana na za kiwandani, iliyofaulu gia ya tatu hadi 4,500 ikiwa moto. Ukipata mbili za kuchagua, zijaribu siku moja, njia moja, viatu vilevile, ukianza na ile unayoipenda kidogo, ili usimpe mguu kipimo cha gari ambalo moyo umeshalinunua.